Kuruta hawezi kuikataa kamera

Koti lile halina mgongo. Ukiliona pichani, na vifungo vyake vya dhahabu na kola iliyokaza shingo, huwezi kujua. Lakini katika kambi za makuruta wa kikosi cha Marine cha Marekani, vazi la sherehe la kupigia picha kwa miaka mingi limekuwa upande wa mbele tu. Kuruta anaingiza mikono, mtu anamfunga kwa nyuma kama mtoto anayefungwa aproni, anawekewa kofia nyeupe, anasogezwa mbele ya bendera. Chini ya kiuno bado amevaa suruali ya kombati na buti zenye vumbi. Flashi inamulika, anavuliwa, na koti linakwenda kwa aliye nyuma yake kwenye foleni.

Sababu inaeleweka. Makuruta ni mamia kwa wakati mmoja, na sare halisi haiwezi kushonwa mapema kwa mwili unaobadilika kila wiki: mnene anapungua, mwembamba anajaa mabega. Basi picha inapigwa wiki kadhaa kabla ya kuhitimu, wakati kijana mwenyewe haruhusiwi hata kuitwa Marine. Jina hilo hupewa baada ya zoezi la mwisho la saa 54, liitwalo Crucible, anapokabidhiwa nembo ya tai, dunia na nanga. Picha itakayotundikwa sebuleni kwa wazazi wake kwa miaka hamsini inamwonyesha akiwa mtu ambaye siku hiyo alikuwa bado hajawa.

Sina ugomvi na koti hilo. Ninalolisema ni kwamba picha nyingi za makuruta hupigwa kwa mtindo huohuo: sare ndiyo inayopigwa picha, na mtu anaazimwa ili sare ipate uso. Na hili linawezekana kwa sababu moja ambayo sisi tunaoshika kamera hatupendi kuitazama usoni. Kuruta hawezi kukataa. Mtu mzima yeyote mtaani akiona lenzi imemwelekea ana njia kumi za kujiokoa. Atageuka, atainua mkono, atauliza wewe ni nani, ataondoka zake. Kuruta aliyeamriwa mguu sawa hana hata moja. Hata jicho haruhusiwi kulisogeza. Kwa hiyo wajibu wote wa heshima, ambao kwa kawaida hugawanywa kati ya mpiga picha na mpigwaji, unamwangukia mpiga picha peke yake na jeshi lililomwita.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, askari mpya alikwenda studio kwa miguu yake na kulipa kwa fedha yake. Alichagua akae au asimame, ashike bunduki au amshike mkono mkewe. Picha zile, zilizopigwa juu ya bati nyembamba, zilitoka zimegeuzwa kama kioo, na ndiyo maana hadi leo utaona herufi za kwenye bamba la mkanda zikisomeka kinyumenyume. Wengine walishika silaha za kuazima za studio, ili waonekane wakali zaidi kuliko walivyokuwa. Kulikuwa na kujipamba, tena kwingi, lakini aliyejipamba ni askari mwenyewe. Picha ilikuwa yake, aliifunga kwenye kijaluba akaiacha nyumbani.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mume na mke wa kijiji cha Vignacourt kaskazini mwa Ufaransa, Louis na Antoinette Thuillier, walifanya kazi hiyo kwa askari waliokuwa wakipumzika nyuma ya mstari wa mbele, wengi wao Waaustralia. Walitundika turubai lililochorwa, na kila aliyetaka alisimama mbele yake apate kadi ya kutuma kwao. Maelfu ya vioo walivyopigia picha hizo vilikaa darini kwenye nyumba ya shamba hadi vilipopatikana mwaka 2011. Ukivitazama leo kinachokushika ni ule ulegevu wa miili. Mmoja ameegemea bega la mwenzake, mwingine kofia imekaa upande, mwingine sigara iko mdomoni. Ni wanaume waliokuja wenyewe na ambao wangeweza kuondoka.

Leo mwajiri ndiye mwenye kamera. Marekani ina wapiga picha wa kijeshi wanaofunzwa katika chuo maalumu kilichopo Fort Meade, Maryland, na kazi zao hutolewa kwa umma bila hakimiliki, kwa sababu sheria ya huko inasema kazi ya mtumishi wa serikali kuu katika utumishi wake haina hakimiliki. Kwa upande wa uwazi hilo ni jambo zuri: mwananchi anaona jeshi lake linafanya nini. Kwa upande wa kijana wa miaka kumi na minane aliyepigwa picha akiwa anatapika baada ya mbio, maana yake ni kwamba uso wake, mara nyingi pamoja na jina lake na mji wake kwenye maelezo, unaweza kuokotwa na yeyote duniani. Uingereza huandikisha vijana wa miaka 16, na chuo chao kipo Harrogate. Mtoto wa miaka 16 kisheria hawezi hata kupiga kura ya kumchagua mbunge wake, sasa atapata wapi ubavu wa kumwambia sajenti kwamba hataki picha?

Januari 2019 jeshi la Uingereza lilibandika mabango ya kuvutia vijana yaliyoiga lile bango la mwaka 1914 la Lord Kitchener, waziri wa vita wa wakati huo, akinyoosha kidole. Safari hii zilitumika sura za askari walio kazini, kila moja na jina la kejeli ambalo wazee huwaita vijana wa siku hizi, kisha chini yake sifa ambayo jeshi linaihitaji. Magazeti yakaripoti kwamba mmoja wa askari hao alichukizwa mno kuuona uso wake juu ya neno lile la kejeli, wenzake wakimtania kila anapopita. Huyo hakuwa kuruta. Alikuwa askari kamili, tena wa kikosi chenye heshima. Kama yeye alijikuta hivyo, kuruta wa wiki ya tatu atajikuta wapi?

Katika mafunzo ya awali kuna sehemu mbili ambako wapiga picha hujazana kuliko kwingine kote. Ya kwanza ni kwa kinyozi. Mashine inapita kutoka paji la uso hadi kisogoni mara nne, tano, nywele zinaanguka mapajani, na kijana anabaki akijitazama kwa macho ya mtu aliyeamka sehemu asiyoijua. Tarehe 25 Machi 1958 katika kambi ya Fort Chaffee, Arkansas, kinyozi alimnyoa Elvis Presley mbele ya kundi zima la waandishi na wapiga picha, na tangu siku hiyo picha ya kunyolewa imekuwa kama sharti la kila albamu ya jeshi. Presley alikuwa amezoea kamera kuliko alivyozoea kitanda chake. Alijua cha kufanya na uso wake. Kijana asiyewahi kupigwa picha zaidi ya ile ya kitambulisho hajui, na hiyo ndiyo sababu picha yake inakuwa kali: tunamkuta hajajiandaa. Ukali huo umetoka kwake bila yeye kuutoa.

Ya pili ni mlango wa chumba cha gesi ya machozi. Majeshi mengi humwingiza kuruta humo akiwa na barakoa, humwamuru aivue, kisha humtoa nje. Mpiga picha hasimami ndani, anasubiri mlangoni, upande upepo unakotoka. Wanatoka wamenyoosha mikono kando kama ndege waliolowana, macho yamefumba, kamasi zinaning'inia hadi kifuani. Nakiri picha hiyo ina nguvu. Inamwonyesha mtu akiwa hana tena sura ya kuificha nafsi yake. Ndiyo maana inasambaa haraka, na watu hucheka wakiitazama. Lakini zoezi lenyewe halikukusudiwa kumchekesha mtu. Linamfundisha kuruta kwamba barakoa inafanya kazi na kwamba akiivua hatakufa. Picha ya maana ya zoezi hilo, kwa maoni yangu, inapatikana dakika mbili baadaye. Macho yameanza kufunguka, mmoja anammwagia mwenzake maji usoni kutoka kwenye chupa, na wote wawili wanajua kwamba limepita. Tatizo ni kwamba dakika hiyo mpiga picha ameshageukia mlango kuwasubiri wengine.

Mpiga picha Mholanzi Rineke Dijkstra alionyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2003 alimfuata kijana mmoja wa Kifaransa, Olivier, tangu siku alipojiunga na Legioni ya Kigeni, kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandikisha pia wageni, karibu na Marseille hadi alipokuwa askari Djibouti. Picha ni saba tu kwa miaka mitatu. Hakuna mlipuko wala tope, hakuna mtu anayepiga kelele. Ni kijana amesimama au ameketi, anatazama lenzi, na kati ya picha na picha miezi imepita. Legioni ina desturi ya zamani ya kumwandikisha mtu kwa jina jipya, na ukizitazama picha hizo mfululizo unaona kwamba hata uso umeandikishwa upya. Shingo imenenepa, taya limekaza, na macho yanatazama kutoka mbali zaidi. Hakuna picha moja kati ya hizo saba ambayo ingeweza kusema hayo peke yake. Na kila mara alijua anapigwa picha. Alisimama kwa ajili hiyo.

Naujua ugumu wake. Jeshi halimpi kila mtu miaka mitatu, na mpiga picha wa kambi ana kombania nzima ya kushughulikia na ratiba iliyobanwa kuanzia alfajiri. Lakini somo la Dijkstra halihitaji miaka mitatu. Linahitaji kurudi kwa mtu yuleyule. Kuruta uliyempiga kwa kinyozi umtafute tena wiki ya nne, umtafute tena siku ya mwisho. Watatu wanaofuatwa hivyo watasimulia mafunzo kuliko picha elfu mbili zilizookotwa ovyo.

Nije kwenye siku ya kuhitimu, maana hapo ndipo familia nzima inakuja na simu mkononi na hapo ndipo picha nyingi zinaharibika. Adui wa kwanza ni ukingo wa kofia. Kofia ya gwaride imetengenezwa ishuke karibu na nyusi, na sherehe hupangwa jua likiwa limepanda. Matokeo yake ni safu ya watu waliofungwa kitambaa cheusi machoni. Mpiga picha anayejua kazi yake hushuka, hupiga goti, ili mwanga unaoruka kutoka kwenye sakafu ya uwanja uingie chini ya ukingo ule. Adui wa pili ni weupe wa sare: glavu nyeupe, mkanda mweupe, kofia nyeupe. Kipima mwanga cha kamera kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na hutia giza picha nzima, na wa kwanza kupotea ni wenye ngozi nyeusi. Nimeona albamu za kuhitimu ambazo glavu zinang'aa hadi mishono inahesabika, na juu yake kuna uso usiotambulika. Hilo halikusababishwa na jua. Mtu alipima mwanga kwenye nguo badala ya kupima kwenye uso, na familia ya kijana huyo ikarudi nyumbani na picha ya glavu.

Halafu kuna mwendo. Majeshi mengi hutembea hatua 120 hivi kwa dakika. Legioni ya Kigeni hutembea 88, na kwa ajili ya polepole hiyo huwekwa nyuma ya wengine kwenye gwaride la Julai 14 mjini Paris. Kwa mwendo wa 120 kila hatua inachukua nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hiyo kuna kitambo kimoja tu ambapo miguu yote imefunguka sawasawa na kisigino kinagusa ardhi. Ukisubiri jicho likwambie, umechelewa. Unasikiliza ngoma na visigino, unabonyeza kwa sikio. Amri ya kugeuza macho kulia inapotolewa mbele ya jukwaa kuu, safu nzima hugeuka kumtazama mgeni rasmi, isipokuwa wale wa ukingo wa kulia, ambao katika kwata za majeshi mengi huendelea kutazama mbele ili mstari usipinde. Siku zote huwatafuta hao. Kila mmoja amepewa heshima ya kutazama, wao wamepewa kazi ya kuwanyoosha wengine, na nyuso zao zinaonyesha hivyo.

Lakini wakati ninaouthamini kuliko gwaride lote unapatikana Lackland, Texas, ambako Jeshi la Anga la Marekani linafundisha wapya wake. Sherehe ikiisha, wahitimu hubaki wamesimama mguu sawa. Hawaruhusiwi kutawanyika hadi mtu wao aje awaguse. Familia zinamiminika uwanjani na kuanza kutafuta, na kumpata wako kati ya mamia waliovaa sawa na kunyolewa sawa si kazi ndogo. Mama anapita mbele ya mwanawe hatua tatu bila kumtambua. Mwana amemwona. Ukiwa karibu unaliona koromeo lake likipanda na kushuka, kidevu kikitetemeka kidogo, na mikono imebana mishono ya suruali. Mama anageuka, anarudi, anaweka kiganja begani, na mwili ule wote unalegea kwa mara moja.

Wengi hupiga picha ya kukumbatiana. Mimi naona picha iko sekunde moja kabla ya kiganja kugusa. Na naona pia kwamba ndiyo picha yenye deni kubwa kuliko zote, kwa sababu imechukuliwa kwa mtu aliyekatazwa hata kufuta chozi. Tofauti na mlango wa gesi, hapa deni linaweza kulipwa papo hapo. Dakika moja baadaye kijana yuko huru, ana sauti yake. Mwendee, mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, muulize kama anataka ibaki. Wapo ambao hakuna aliyekuja kwa ajili yao, na wanasimama hadi mwenzao au mzazi wa mtu mwingine aende kuwagusa. Hao sitaki wapigwe kwa lenzi ndefu kutoka mbali. Anayetaka picha hiyo akamguse kwanza, kisha aombe.

Kuna linalonitatiza, na nalitaja kwa sababu linapingana na niliyosema. Picha isiyo na jina ni hasara kwa historia. Picha ya Joe Rosenthal ya askari sita wa Marekani wakisimika bendera katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani, mwaka 1945 ni miongoni mwa picha zilizotazamwa zaidi duniani, na hata hivyo kikosi cha Marine kilirekebisha majina ya waliomo mwaka 2016 na tena 2019. Zaidi ya miaka sabini wanaume walihesabiwa mahali ambapo hawakuwa, na waliokuwapo hawakutajwa. Kwa hiyo jina, tarehe na kikosi viandikwe siku hiyohiyo.

Lakini kuandika ni jambo moja na kutangaza ni lingine. Mwaka 2022 Ukraine ilianza kutumia programu ya kutambua nyuso ya kampuni ya Clearview AI kuwatambua askari wa Urusi waliokufa vitani, kwa kulinganisha nyuso zao na picha walizoziweka mitandaoni walipokuwa hai. Urusi yenyewe ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2019 ya kuwakataza askari kubeba simu za kisasa kazini, kwa kuona jinsi picha zao zilivyokuwa zikitoa siri. Uso uliopigwa mguu sawa, mchana kweupe, ukitazama mbele, ndio uso ambao mashine inaupenda kuliko wote, na kambi za mafunzo zinazalisha nyuso za namna hiyo kwa maelfu. Msimamo wangu basi ni huu: kila kitu kiandikwe kwenye kumbukumbu za kambi, na kinachotoka hadharani kiwe kidogo. Picha ya kundi iende kwa umma bila majina. Picha ya mtu mmoja, yenye jina lake, iende kwake na kwa watu wake.

Na iende kwa kila mtu. Hili husahaulika. Kamera ina upendeleo wake: humfuata mrefu, mwenye misuli, anayelia, anayeanguka. Kuruta wa katikati, asiye hodari wala dhaifu, anaweza kumaliza mafunzo yote asionekane kwenye picha moja ya kueleweka. Nyumbani mama yake anakuza kila picha inayotolewa, anahesabu vichwa vilivyonyolewa, anatafuta masikio anayoyajua. Dawa yake ni karatasi na kalamu. Chukua orodha ya platuni, weka alama kila unapompata mtu, na siku nane kabla ya kuhitimu watafute ambao bado hawana alama.

Nimewahi kufanya hivyo, na wiki ya mwisho nikaomba meza moja kwenye mesi baada ya chakula cha jioni, nikafungua kompyuta, makuruta wakapita mmoja mmoja kutazama picha zao. Mkufunzi alikubali kukaa nje. Nilidhani wote watafuta ile ya gesi. Mmoja aliifuta mara moja, bila neno. Aliyemfuata aliomba ya kwake iwe ya kwanza kutumwa kwao, kwa sababu kaka zake walikuwa wamesema hatafika wiki ya pili. Yule wa tatu alizipita picha zake zote za gwaride, akasimama kwenye moja niliyokuwa karibu kuitupa: hanga lina giza, saa kumi na moja alfajiri, mwenzake wa kitanda cha juu ameinama anamnyoosha kola, na uso wake mwenyewe umefichwa nusu na mkono wa yule mwenzake. Alisogea karibu na kioo. Akauliza kama inawezekana zitoke nakala mbili.